Tarumbeta la Armstrong: Lilisikika Lubumbashi, likakosekana New Orleans

Oktoba 28, 1960, umati wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ulimpokea Louis Armstrong kwa kumbeba juujuu kitini, kama chifu. Wiki chache baadaye Mmarekani huyo mweusi alipuliza tarumbeta lake Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mitaani.

New Orleans, alikozaliwa mwaka 1901, hakuwa akipiga. Sheria ya jimbo la Louisiana ya mwaka 1956 ilikataza watu weusi na weupe kushiriki pamoja katika burudani na michezo, na bendi yake ya All Stars ilikuwa ya mchanganyiko. Angeweza kuwaacha weupe nje ili apande jukwaani nyumbani. Alikataa. Alirudi kupiga huko mwaka 1965, Sheria ya Haki za Kiraia ikiwa imepitishwa mwaka mmoja kabla.

Ziara ya Afrika ilidhaminiwa na kampuni ya Pepsi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ilikuwa enzi ya Vita Baridi. Moscow ilikuwa ikiinyooshea Washington kidole kwa ubaguzi wake, na msanii mweusi anayetabasamu alikuwa jibu zuri.

Tabasamu hilo liliwakera weusi wengi vijana, waliomwona kama mtu wa kuwachekesha wazungu. Lakini Septemba 1957, gavana wa Arkansas alipotumia askari kuwazuia wanafunzi 9 weusi kuingia shule ya sekondari ya Little Rock, Armstrong alimwambia mwandishi kijana kwamba Rais Eisenhower ni mwoga na ndumilakuwili. Akakataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali. Kwa mtu aliyeishi kwa kuuza tiketi na sahani za santuri, huo haukuwa mzaha.

Kwa nini basi, miaka mitatu baadaye, alikubali kutumwa Congo? Alipokuwa akishangiliwa Léopoldville, Patrice Lumumba alikuwa amezingirwa na askari nyumbani kwake katika jiji hilohilo. Katanga ilikuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe. Januari 17, 1961, Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville. Filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez ya mwaka 2024, Soundtrack to a Coup d'Etat, imelifufua swali la muziki uliofunika siasa hizo.

Ziara hiyo iliacha na msiba. Mwimbaji wake, Velma Middleton, aliugua Sierra Leone na kufariki dunia Freetown, Februari 1961.

Mwaka 1962, katika tamasha la Monterey, California, Armstrong aliigiza katika The Real Ambassadors, kazi ya Dave Brubeck na mkewe Iola kuhusu mwanamuziki mweusi anayeiwakilisha nchi isiyompa haki zake. Brubeck alisimulia kwamba wimbo mmoja waliutunga ili watu wacheke. Armstrong aliuimba huku machozi yakimlengalenga.