Meli Zikipungua, Hasara ni ya Nani?

Zamani katika bandari ya Kilindini kibarua alilipwa kwa siku. Biashara ikidorora na meli zikiwa chache, kampuni iliokoa fedha zake kwa kutomwita kazini. Lakini kodi ya chumba, Majengo au Mji wa Kale, haikungoja meli. Dhiki za namna hiyo zilichochea mgomo mkuu wa Januari 1947, uliosimamisha kazi kisiwani Mombasa. Machi 1955 makuli waligoma tena. Tom Mboya akaja kupatanisha, na uamuzi ukawapa nyongeza ya asilimia 33.

Baadaye kampuni nazo ziliona faida ya watu wa kudumu walioizoea kazi. Basi chama chenye busara hudai haki bila kuiua kazi, na tajiri mwenye busara hautupi mzigo wote mabegani mwa kibarua.