ISTILAHI ZA CHUMBA CHA HABARI: UHARIRI WA MISWADA NA UUNDAJI WA VICHWA

Uandishi wa habari ni somo la chuo katika nchi yetu tangu miaka mingi. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilianzishwa mjini Dar es Salaam mwaka 1975, na kazi yake sasa huendelezwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hivyo, mwanafunzi wa chuo kikuu hufundishwa uhariri kwa Kiingereza, kisha wengi huajiriwa na magazeti ya Kiswahili. Hapo ndipo huanza kuhamisha istilahi na kanuni alizozisoma bila ya kuzipima. Madhumuni ya makala haya ni kueleza baadhi ya istilahi hizo, na kuonyesha kuwa kichwa cha habari cha Kiswahili kina sarufi yake chenyewe.

1. Majina ya kazi

Istilahi inayowapotosha wafasiri kuliko zote ni jina la kazi yenyewe. Waingereza hutumia neno moja kwa maandishi yanayosubiri kupigwa chapa na kwa nakala ya pili ya barua. Mfasiri asiye mwangalifu huandika "uhariri wa nakala", na msomaji hudhani kuna nakala fulani inayohaririwa. Kinachohaririwa ni mswada wa habari. Kwa hiyo "uhariri wa miswada" au, kwa kifupi, "uhariri wa habari" ndiyo istilahi inayofaa.

Anayeifanya kazi hiyo huitwa mhariri msanifu. Wengine humwita "mhariri msaidizi", lakini jina hilo hutaja cheo na wala halielezi kazi. Msanifu hupokea mswada wa mwandishi, huhakikisha majina na hesabu, hurekebisha lugha, hupunguza urefu ili habari ienee katika nafasi yake, kisha huiwekea kichwa. Atofautishwe na msahihishaji wa prufu, ambaye hutafuta makosa ya chapa baada ya uhariri kwisha.

Neno "safu" nalo hubeba dhana mbili: mstari wa wima wa maandishi katika ukurasa, na makala ya mwandishi mmoja yatokayo kila juma. Tunapendekeza mwalimu aseme "safu ya ukurasa" kwa maana ya kwanza na "makala ya safu" kwa maana ya pili.

2. Kubana maneno

Kanuni ya kwanza ya kichwa cha Kiingereza ni kuondoa vibainishi vya nomino. Kiswahili hakina vibainishi hivyo, basi hapana cha kuondoa. Aidha, kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na tendo katika neno moja, nalo huwa refu. Msanifu wa Kiswahili hana budi kubana mahali pengine.

Njia kubwa ni wakati wa -a-. "Amefungua" lina herufi 9, "afungua" 7. "Limepitisha" lina herufi 11, "lapitisha" 9. Ndiyo sababu tunasoma "Bunge lapitisha bajeti" na "Kijiji chapata maji". Njia nyingine ni kiambishi -ni cha mahali: "ajalini" hutosha pahali pa "katika ajali". Lakini wakati huu wa -a- ni mali ya kichwa. Ndani ya habari yenyewe tukio lililokwisha kupita lielezwe kwa -li- au -me-.

Vichwa vya namna ya "Waziri kufungua kiwanda" vimeiga mtindo wa Kiingereza. "Kufungua" lina herufi 8 na "atafungua" 9. Faida ni herufi moja tu, na hasara ni kitenzi kisicho na mtenda wala wakati.

3. Hatari ya irabu moja

Ubanaji huu una hatari ambayo vitabu vya Kiingereza haviwezi kuitaja. "Wakulima walipwa fidia" ni taarifa: fedha imetolewa. "Wakulima walipwe fidia" ni dai: fedha bado. Irabu moja imegeuza dai kuwa tukio, na mkulima aliyesoma kichwa hicho huenda akafunga safari bure.

Afadhali hapo irabu inaonekana. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadili irabu ya mwisho, na humo maana mbili huchukua umbo moja. "Waziri ajiuzulu" maana yake ni nini? Yawezekana waziri ameacha kazi. Yawezekana pia kuna mtu anayetaka aiache. Utata huu huwapata watu, yaani ngeli ya M-WA, kwa sababu kiambishi a- au wa- humeza -a- ya wakati. Katika ngeli nyingi nyingine kiambishi hututoa mashakani: "Bodi yajiuzulu" ni tukio, "Bodi ijiuzulu" ni dai, vivyo hivyo "Baraza lajiuzulu" na "Baraza lijiuzulu". Basi inapohusu mtu, msanifu aongeze herufi bila ya kusita: "Waziri amejiuzulu" au "Waziri atakiwa kujiuzulu".

Kauli ya kutendwa nayo yataka uangalifu. "Askari aua" na "Askari auawa" ni habari mbili zinazopingana. Tena tahajia sahihi ni "auawa", si "auwawa" kama ionekanavyo mara nyingi.

4. Neno na heshima ya mtu

Ufupi usivunje haki. "Mbaroni" ni neno fupi lipendwalo na wasanifu, nalo husema tu kwamba mtu amekamatwa. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa. Mshtakiwa ni aliyefikishwa mahakamani. Mhalifu ni aliyethibitishwa kutenda kosa. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano hairuhusu mshtakiwa atendewe kama mkosaji kabla ya kuthibitishwa. Kichwa kisemacho "Mwizi kizimbani" kimekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu. Hali kadhalika "afa" ni fupi kuliko "afariki", lakini adabu ya lugha yetu humstahi marehemu, na herufi nne za ziada si gharama kubwa.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wa vyuo wampe mwanafunzi mswada wa Kiswahili tangu juma la kwanza, na kila kichwa akiandikacho wakipime kwa maswali matatu: Nani ametenda? Je, jambo limetendeka au linatakiwa litendeke? Je, neno hili lamtendea haki mtajwa? Kichwa kikishindwa kujibu mojawapo, kiandikwe upya, hata kama kimeenea vizuri katika safu ya ukurasa.

Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi tunawaomba watuletee, ili zijadiliwe kabla ya kusanifiwa.