Sauti ya Pili katika Wimbo: Besi ya Richard Davis na Santuri ya "Astral Weeks"

Utangulizi

Ni desturi iliyoota mizizi katika madarasa yetu ya fasihi kwamba mwanafunzi akitakiwa kuuchambua wimbo, kwanza hunakili maneno yake karatasini, ndipo aanze kuhesabu mizani, kusaka vina na kueleza maudhui. Ala hazitajwi ila kwa kupita, na wapigaji hawatajwi kabisa. Wimbo huwa umegeuzwa shairi lililokosa jasho la manju. Makala haya yananuia kuonyesha hasara inayotokana na desturi hiyo. Aidha, yananuia kuuliza swali ambalo wahakiki wetu wameliepuka kwa muda mrefu: je, mwenye wimbo ni nani, yule aliyetunga maneno na kuyaimba, au pia yule aliyeupa wimbo mwendo na pumzi zake?

Mfano tutakaoutumia haukutoka pwani yetu wala bara yetu. Ni santuri ya pili ya mtunzi na mwimbaji wa Ireland ya Kaskazini, Van Morrison, iitwayo "Astral Weeks", iliyotolewa Novemba 1968. Msomaji ataka kujua, na ni haki yake, kwa nini tuvuke bahari mbili ilhali nyimbo zimejaa mlangoni petu. Jibu ni kwamba santuri hii inatupa jambo ambalo mhakiki hulipata kwa nadra mno: nyimbo mbili zilizomo ndani yake zilikuwa zimekwisha kurekodiwa hapo kabla na mwimbaji yuyo huyo, lakini pamoja na wapigaji wengine. Kwa hiyo twaweza kuzilinganisha rekodi hizo na kuona ni nini kilichobadilika pale mshirika alipobadilika.

Mtunzi na santuri yake ya kwanza

Van Morrison alizaliwa mjini Belfast mwaka 1945. Baba yake alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha meli, na pia mkusanyaji hodari wa santuri za Marekani. Hivyo kijana huyo alilelewa katika sauti za "bluzi" na "jazi" za Wamarekani weusi kabla hajapata kuiona Marekani yenyewe. Kati ya 1964 na 1966 alikuwa mwimbaji wa kikundi kilichojiita Them. Mwaka 1967 alikwenda New York kwa mwito wa Bert Berns, mtunzi na msimamizi wa rekodi aliyekuwa na kampuni yake, Bang Records.

Hapo ndipo alipoimba "Brown Eyed Girl", wimbo uliopendwa sana na ambao hata leo haujasahauliwa. Nyimbo alizorekodi kwa Berns zilikusudiwa kutolewa mojamoja. Lakini kabla mwaka 1967 haujaisha zilikusanywa zikatolewa katika santuri nzima, "Blowin' Your Mind!", pasi na mwimbaji kushauriwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa santuri yake ya kwanza, nayo hakuiona kuwa yake. Desemba ya mwaka huo Berns alifariki ghafula kwa maradhi ya moyo, na Morrison akabaki katika mabishano ya mkataba, hana studio wala fedha.

Mwaka 1968 alihamia Cambridge, karibu na Boston. Huko aliziacha gitaa za umeme, akawa anaimba katika vilabu vidogo akiwa na watu wawili tu: Tom Kielbania kwenye besi ya kusimama na John Payne kwenye filimbi. Lewis Merenstein, msimamizi wa rekodi kutoka New York, alifunga safari kwenda kumsikiliza Boston. Alichokisikia hakikuwa muziki wa kuchezwa dansini. Kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa jazi, aliamua kuwakodi watu wa jazi.

Kikao cha Septemba 1968

Tarehe 25 Septemba 1968 wapigaji walikutana jioni katika studio iitwayo Century Sound, mjini New York. Mpiga ngoma alikuwa Connie Kay wa kikundi mashuhuri cha Modern Jazz Quartet. Mpiga gitaa alikuwa Jay Berliner, ambaye miaka mitano kabla alikuwa amepiga katika santuri ya Charles Mingus. Warren Smith alishika vibrafoni, yaani marimba ya chuma yenye mwangwi unaotetemeka. Kwenye besi hakuwekwa Kielbania, bali Richard Davis.

Davis alizaliwa Chicago mwaka 1930. Kufikia siku hiyo alikuwa amekwisha kumpigia mwimbaji Sarah Vaughan kwa miaka kadhaa, na mwaka 1964 alikuwamo katika "Out to Lunch!" ya Eric Dolphy, mojawapo ya santuri za jazi zilizokiuka mazoea mengi. Kadhalika alikuwa amepata kupiga katika okestra chini ya Stravinsky. Kwa ufupi, alikuwa mtu aliyejua vyema mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai pamoja: kumfuata mwimbaji kwa adabu, na kuvunja njia iliyozoeleka.

Mambo yaliyotendeka studioni yamesimuliwa na wapigaji wenyewe. Mwimbaji aliingia katika chumba chake kidogo akiwa na gitaa lake, akaimba. Hakuwasalimu sana, hakuwapa muziki ulioandikwa, wala hakuwaeleza maana ya nyimbo. Waliambiwa wamsikilize na wapige waonavyo vema. Katika kikao hicho kimoja zilipatikana nyimbo nne kati ya nane za santuri nzima. Ala za fidla na tarumbeta ziliongezwa baadaye na mpangaji Larry Fallon, ambaye pia alipiga kinanda cha kale kiitwacho hapsikodi katika "Cyprus Avenue".

Jinsi besi ilivyoumba sauti

Kwa kawaida besi ni mtumishi. Kazi yake ni kushika msingi: hutaja sauti ya chini ya kila koda, hushikana na ngoma, na kuwaachia wengine mapambo. Katika nyimbo hizi besi imekataa utumishi huo, au tuseme imeupa maana nyingine. Tutaje mambo matatu.

Kwanza, unyofu wa koda. Gitaa la Morrison katika wimbo unaobeba jina la santuri hurudiarudia koda mbili tu, na katika "Madame George" hazizidi tatu. Kwa mpiga besi mzembe huu ungekuwa ukame. Kwa Davis ulikuwa uwanja mpana. Kwa kuwa koda hazikuwa zikimsukuma kwenda mahali maalumu, aliweza kupanda kwenye sauti za juu za ala yake, kutelezesha kidole juu ya uzi, kurudi chini ghafula, na kusema jambo lile lile kwa namna mpya kila ubeti. Hapo besi imekuwa kama mshairi wa pili katika malumbano, ijapokuwa malumbano yenyewe hayana ugomvi.

Pili, mahali pa kupumua. Morrison haimbi kwa mizani iliyohesabiwa. Hurefusha neno hadi likaribie kukatika, au hulirudia mara nyingi mpaka lipoteze maana yake ya kamusi na kubakia sauti na hisia. Mwenye kuyasoma maneno hayo karatasini atayaona marudio kuwa ni upungufu wa mtunzi. Lakini sikiliza anachokifanya Davis: mwimbaji akirudia, yeye harudii. Chini ya neno lile lile lililosimama, besi inatembea, na hivyo msikilizaji huhisi kwamba neno limesogea. Marudio ya mwimbaji yamepata mwendo kutoka kwa mwingine.

Tatu, nafasi ya ngoma. Kwa kuwa besi ilikuwa inaongoza, Connie Kay hakulazimika kupiga kwa nguvu ili kuushika wimbo. Alipiga kwa upole, aghalabu bila kuufunga mwendo. Gitaa la Berliner nalo likajibu pembeni. Hivyo basi, ule wepesi ambao watu wengi huuita "ndoto" katika santuri hii haukutokana na moshi wala mafumbo. Ulitokana na mgawanyo wa kazi: aliyestahili kukaa chini alipanda juu, na waliosalia wakajipanga upya kumzunguka.

Ushahidi wa rekodi mbili

Mtu aweza kudai kwamba sifa hizi zote zilikuwamo ndani ya nyimbo tangu mwanzo, na kwamba mpigaji yeyote stadi angezifichua. Ndipo tunapozihitaji rekodi mbili tulizozitaja. "Madame George" na "Beside You" zilirekodiwa kwanza kwa Bang mwaka 1967, na rekodi hizo zikatolewa baadaye, katika miaka ya 1970. "Madame George" ya kwanza ni ya haraka. Nyuma yake mna makelele ya watu kama walio karamuni, na wapigaji wanausukuma wimbo mbele kama gari lililochelewa. Mhusika wa wimbo huo, kiumbe mpweke anayeachwa na vijana waliokuwa wakifurahia nyumba yake, humo anageuka kuwa kichekesho cha karamu.

Katika rekodi ya 1968 wimbo umerefuka hadi karibu dakika 10. Kelele zimeondoka. Mwimbaji ni yule yule, na kisa kimsingi ni kile kile, lakini sasa kuaga kunachukua muda mrefu, kama kunavyochukua maishani. Besi inamsindikiza mwenye kuondoka hatua kwa hatua. Tukiyachambua maneno peke yake, tofauti baina ya dhihaka na huruma haitaonekana, kwa sababu haikuandikwa katika maneno. Iliandikwa katika mwendo, na mwendo ulikuwa mikononi mwa wapigaji.

Ushahidi wa pili unatoka upande wa baadaye. Kwa santuri ya tatu, "Moondance" ya 1970, Morrison alichagua wapigaji wengine na kusimamia kazi mwenyewe. Ni santuri nzuri, iliyopangwa barabara, na yenye kuuzika kuliko ile ya pili. Lakini haina ile hali ya kutangatanga. Mtunzi alibaki, sauti ya pili ilikuwa imeondoka.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Pasipo sauti ya Morrison, pasipo mitaa ya Belfast aliyoibeba moyoni, Davis asingekuwa na cha kujibu. Cyprus Avenue ni barabara ya kweli, yenye miti na nyumba za wenye nacho, karibu na mtaa wa wafanyakazi alikokulia mwimbaji. Tena Merenstein naye alikuwa na mkono wake: ndiye aliyewachagua wapigaji, na ndiye aliyeamua kuukata ghafula mwisho wa "Slim Slow Slider", wimbo wa kufungia. Hoja yetu si kumvua mmoja taji na kumvika mwingine. Hoja ni kwamba taji lenyewe lilikuwa la watu kadhaa.

Hitimisho

Mwandishi wa makala haya alikutana na nyimbo hizi kwanza katika darasa la uzamili ng'ambo, zikiwa zimepigwa chapa karatasini. Aliandika insha ya kuzikosoa kwa marudio yake na kwa uhaba wa urari. Majuma machache baadaye aliisikia santuri yenyewe katika chumba cha mwanafunzi mwenziwe, akaona haya. Alikuwa amemhukumu mzungumzaji mmoja katika mazungumzo ya wawili.

Aibu hiyo yafaa itufunze kazi iliyo nyumbani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, hakwenda peke yake. Walikuwapo wenzake, miongoni mwao Mbaruk Effandi Talsam, Subeti Ambari na Budda bin Mwendo. Jina la Siti tunalijua sote, na linastahiki. Lakini ni wangapi katika wanafunzi wetu wanaoweza kueleza walichokifanya wenzake, na jinsi sauti yake ilivyoegemea au kushindana na ala zao?

Katika kikao kile cha 1968 alikuwamo pia mpiga filimbi mmoja ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jalada, wala waliopiga pamoja naye hawakulikumbuka baadaye. Pumzi zake zimo katika santuri inayosifiwa duniani kote, naye mwenyewe hajulikani. Richard Davis alikuwa na bahati zaidi: tangu 1977 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa takriban miaka 40, na alipofariki mwaka 2023 aliombolezwa kwa jina lake. Katika miji yetu wapo wapiga udi, fidla na ngoma waliozeeka, ambao mchango wao haujaandikwa na yeyote. Mwanafunzi atakayekwenda kukusanya nyimbo na aanze kwa kuuliza maneno, kama ilivyo ada. Lakini asiondoke kabla hajauliza aliyepiga alikuwa nani, na kabla hajayaandika majina hayo kando ya jina la mwimbaji.