Je, Wajua? Aliyelala Kimya Huenda Anakusikia

Je, wajua kwamba suala la fahamu liliwahi kuwekewa dau la mvinyo? Mwaka 1998, mjini Bremen, Ujerumani, mwanasayansi wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba, katika miaka 25, sayansi itakuwa imeonyesha wazi ni seli zipi za ubongo zinazoleta fahamu. Juni 2023, jijini New York, Koch alikubali yaishe akatoa mvinyo mbele ya hadhara. Hoja ya Chalmers bado inawasumbua wengi: hata tukijua kila seli inafanya kazi gani, kwa nini kazi hiyo iambatane na kuhisi? Mtu akichomwa mwiba, kwa nini aumie, badala ya mkono kujiondokea tu?

Wingi wa seli hausaidii kueleza fahamu. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na takriban bilioni 69 zimo kwenye serebelamu, sehemu iliyo nyuma, chini, upande wa kisogoni. Mwaka 2014 madaktari wa China walieleza habari za mwanamke wa miaka 24 aliyefika hospitali akilalamika kizunguzungu na kichefuchefu. Walipompiga picha ya ubongo, serebelamu haikuwapo kabisa. Alikuwa akiyumba anapotembea na ulimi wake ulikuwa mzito, lakini akili zake alikuwa nazo.

Je, wajua kwamba kuna watu wanaoona bila kujua kuwa wanaona? Huko Uingereza, katika miaka ya 1970, Lawrence Weiskrantz alimchunguza mgonjwa anayetajwa kwa herufi D.B., aliyepoteza uoni wa upande wa kushoto baada ya kufanyiwa upasuaji wa ubongo. Taa ikiwashwa upande huo, alisema haoni kitu. Akiombwa abahatishe ilipo, kidole kilikwenda karibu palepale. Alitofautisha hata X na O, na alipoonyeshwa alama alizopata alishangaa, maana kwake yeye ilikuwa kubahatisha tu. Mwaka 2008 ikatangazwa habari ya mwingine, T.N., daktari aliyepofuka kwa kupigwa kiharusi mara mbili. Aliombwa aweke fimbo yake kando apite kwenye ujia uliojaa vizuizi. Alivikwepa vyote, na hakujua kwamba amekwepa chochote.

Kinyume chake, kuwa na fahamu bila kuweza kuionyesha, kinatisha zaidi. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walimweka kwenye mashine ya MRI mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari. Kwa miezi mitano alikuwa akifumbua macho lakini haitiki akiitwa wala hafuati agizo lolote. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikachangamka. Wakamwambia: fikiria unapita chumba baada ya chumba nyumbani kwako. Ikachangamka sehemu nyingine, ile ya kutambua mahali, sawasawa na kwa watu wenye afya. Miaka minne baadaye mwanamume aliyeonekana kuwa katika hali kama hiyo aliulizwa jina la baba yake na mambo mengine ya nyumbani; tenisi ikawa ndiyo, nyumba ikawa hapana. Kati ya maswali sita, alijibu matano kwa usahihi.

Tusijidanganye kwamba wote wako hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, kati ya wagonjwa 241 wasioitikia agizo lolote kwa mwili, 60 walilitii kwa ubongo. Hiyo ni robo, na daktari anayewapima kando ya kitanda, bila mashine, hana namna ya kuwatambua.

Kwa hiyo ndugu yako akilala hivyo wodini, msalimie kwa jina lake na umpe habari za nyumbani. Mazungumzo ya mirathi yafanyieni nje.