Urubani si Kazi ya Pupa

Mtu aishiye Mwadui au Geita hahitaji kuelezwa eropleni ndogo ni kitu gani. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na Dakta Williamson mwaka 1940, una kiwanja chake cha ndege, na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, unacho chake pia. Mfanyakazi atokaye zamu huinua macho akakiona chombo chenye injini moja kikizunguka juu ya vilima, na mwanawe aliye kando yake husema kwamba naye atakuwa rubani. Kauli hiyo twaipenda sana. Walakini twapenda mtoto huyo na baba yake wajue mapema kazi yenyewe ikoje, maana mengi yasemwayo vijiweni kuhusu urubani ni sifa za ushujaa tu.

Kanuni za kimataifa, ambazo nchi yetu huzifuata, zasema kwamba mwenye kutaka leseni ya kwanza awe ametimiza miaka 17, apimwe na daktari, na awe ameruka saa zisizopungua 40, nyingine na mwalimu na nyingine peke yake. Leseni ya kwanza haimruhusu kulipwa ujira. Atakaye mshahara hana budi kufikia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Wengine hudhani saa hizo ni za kuufundisha mkono. Mkono hujifunza upesi. Kinachochelewa ni akili ya kukadiria, na hasa moyo wa kukataa.

Tuchukue hewa yetu wenyewe. Viwanja vya Shinyanga na Mwanza vipo yapata mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba joto likifika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi hata ndege ikawa kama inaruka kutoka mlima wenye mita zaidi ya 2,000. Injini hukosa pumzi, rafadha haishiki hewa vema, na mabawa huinua kidogo; kwa hiyo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi, na ikiisha kuruka hupanda kwa uvivu. Kijana aliyefundishwa pwani, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, akija huku na mizani ya huko huona miti ya mwisho wa kiwanja ikimjia haraka kuliko alivyozoea. Dawa yake ni kalamu na karatasi kabla ya kuwasha injini: uzito wa watu, wa mizigo na wa petroli, joto la saa ile, na urefu wa kiwanja. Hesabu ikikataa, abiria mmoja ashuke, au safari ingoje asubuhi.

Hapo ndipo penye ugomvi, maana abiria wa eropleni ndogo mara nyingi ni mtu mwenye cheo na haraka. Sisi twasema wazi: bwana mkubwa amshurutishaye rubani kuruka ni adui wa roho yake mwenyewe na za wenziwe, na rubani amwogopaye hajamaliza kusoma, hata akiwa na saa 1,000.

Hata hiyo asubuhi nayo si salama kila mahali. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria, na dhoruba zikazaliwa humo hadi alfajiri. Mchana huhamia nchi kavu. Basi saa imfaayo mtu aendaye Tabora yaweza kumwangamiza avukaye ziwa. Na wingu si moshi wa kupita tu. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kiliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa kutazama vyombo, wakawekwa katika hali iliyofanana na kuwa ndani ya mawingu. Wote 20 ndege ziliwashinda, na wastani wao ulikuwa sekunde 178. Haifiki dakika tatu. Sababu ni kwamba mtu asiyeona upeo wa macho hudanganywa na sikio lake la ndani. Hudhani amenyooka kumbe anazunguka akielekea chini.

Ziwa hilo tunalijua kwa msiba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye injini mbili na marubani wenye leseni zao ilianguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 43 walikuwamo, na 19 walikufa. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Ikiwa yamewapata hao, mwenye saa 45 na injini moja atajisifia nini?

Mambo mengine ni madogo, lakini yanaua vile vile. Kila asubuhi petroli kidogo huchujwa katika kikombe cha kioo ili maji yaliyotuama chini yaonekane. Ng'ombe huvuka kiwanja cha vumbi bila kuuliza mtu. Wachungaji wetu wa Usukuma wakumbushwe hilo, bila matusi.

Limebaki suala la fedha. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijenga shule ya urubani Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Siku hizi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kimejitwika kazi hiyo. Lakini eropleni ndogo ya kujifunzia hunywa lita 30 hivi kwa saa, yaani lita 1,200 kwa zile saa 40 za mwanzo, kabla ya kumlipa mwalimu na fundi. Mtoto wa mchimbaji mdogo wa Geita atalipa na nini? Migodi yenye viwanja vyake vya ndege yaweza kuwasomesha vijana wawili au watatu wa wilaya hizi kila mwaka, nasi twangoja kusikia ni upi utakaoanza.