Kuta Zisizotiwa Saruji

Swali langu lilikuwa la kawaida. Kwa nini mvinyo mwekundu wa Syrah kutoka kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, hulazwa ghalani miaka kumi na tano, ishirini, wakati mwingine arobaini, na wanaoujua humtazama anayeufungua mapema kama mtu aliyechuma embe changa? Syrah si ngeni kwetu. Dodoma wanailima, na kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nilitarajia kuelezwa habari za mapipa na ubaridi wa ghala. Zipo. Lakini kila nilipozidi kusoma nilirudishwa kwenye ukuta wa mawe, na ukuta huo bado haujaniachia.

Kati ya miji ya Vienne na Valence, mto umekata mwamba wa itale na kuacha kingo zilizosimama wima. Côte-Rôtie kuna sehemu mteremko unafika asilimia 60. Trekta haipandi. Penye nafasi hulima farasi, penginepo plau huvutwa kwa winchi, na palipobana ni jembe la mkono tu. Kila mzabibu umefungwa kwenye kigingi chake, maana upepo wa kaskazini ukishuka bondeni huvunja matawi. Mvua kubwa ikinyesha, udongo huteremka. Watu huuzoa kule chini na kuupandisha tena mlimani. Mwaka unaofuata, vilevile.

Udongo huo unashikiliwa na kuta, na kuta hazina tone la saruji. Mjenzi hulitazama jiwe, huligeuza, hulijaribu, hulitoa, hutafuta jingine. Mawe makubwa hukaa chini. Ukuta wote huegemea mlima kidogo, na nyuma yake hujazwa kokoto. Mtu wa mjini angeuliza: si wamwage zege wapumzike? Tatizo ni maji. Ukuta uliozibwa huyakusanya mgongoni, uzito unaongezeka, tumbo linatoka nje, na siku moja ukuta wote unalala pamoja na mizabibu yake. Ukuta mkavu huyaachia yapenye. Jiwe likidondoka, linarudishwa mahali pake. Mchana mawe hunywa jua, usiku huyarudishia mashada joto. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ujuzi huu wa kujenga kwa mawe makavu, wa Ufaransa na nchi nyingine kadhaa za Ulaya, katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima nzuri, ingawa haimwinulii mtu jiwe.

Mtu aliyenifanya nisiziache kuta hizi ni Jean-Louis Chave wa kijiji cha Mauves. Ukoo wake unalima zabibu tangu mwaka 1481, na mvinyo wao wa Hermitage ni miongoni mwa ile inayosakwa sana duniani. Angeweza kutulia hapo. Badala yake, tangu miaka ya 1990 amekuwa akifyeka kichaka kwenye kilima cha Bachasson, kule Lemps, alikotokea ukoo wenyewe. Mizabibu ya huko iliuawa na filoksera, mdudu wa mizizi aliyeangamiza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa katika karne ya 19. Kisha vita vya 1914 vikachukua mikono ambayo ingepanda upya, na msitu ukameza kuta. Chave anazisimamisha tena na kupanda Syrah. Kilima hicho kimo katika eneo la Saint-Joseph, ambalo mwaka 1969 mipaka yake ilipanuliwa hadi kwenye ardhi tambarare inayolimika kwa urahisi. Kwa hesabu ya duka, anachofanya hakieleweki.

Kwa hesabu yake yeye kinaeleweka. Msimamo ambao Chave ameurudia miaka mingi ni kwamba zabibu ni chombo tu; kinachosema ni mahali. Ukimuuliza habari za Syrah, atakujibu habari za kilima cha Hermitage. Kwenye kilima hicho kimoja chenye hekta 136 hivi ana vipande kadhaa, na kila kipande huchachushwa na kulelewa peke yake kabla ya kuchanganywa. Bessards, upande wa itale, hutoa mifupa. Méal, penye mawe na joto, hutoa nyama. Kwake, kuchanganya vipande hivyo, kazi aliyoirithi kwa baba yake Gérard, ndiko kuitengeneza Hermitage. Kipande kimoja, hata kiwe kizuri vipi, si kilima kizima.

Na subira? Udongo mwembamba huzaa punje ndogo, zenye ganda jingi zikilinganishwa na maji yake. Kwenye ganda kuna rangi na tanini, ule ukakasi unaokunja ulimi. Miaka inavyopita tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, ukakasi hulainika, mashapo hutua chini ya chupa. Harufu ya matunda meusi na urujuani hupisha ngozi, zeituni, nyama ya moshi. Katikati ya safari mvinyo huweza kununa miaka kadhaa, usinukie chochote, kisha ukafunguka. Kwa nini hununa, maabara hazijatoa jibu la kukata kiu.

Pilipili imepata jibu. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza wameikamata harufu ya pilipili manga inayosifika katika Syrah: ni rotundoni, molekuli ileile iliyomo kwenye pilipili manga tunayotia kwenye pilau. Nanogramu 16 kwa lita ya mvinyo mwekundu zinatosha kunusika. Hata hivyo, mmoja kati ya watano waliojaribiwa hakuisikia hata ilipozidishwa mno. Basi watu wawili wakigombana juu ya glasi moja, huenda wote wanasema kweli.

Rotundoni hukaa kwenye ganda, na joto kali huipunguza. Miteremko hii ilichaguliwa kwa sababu inatazama jua, enzi ambazo jua lilikuwa haba. Sasa mavuno yanawahi. Mawe yanayorudisha joto usiku yatabaki kuwa rafiki mpaka lini?

Jirani yake Chave, Michel Chapoutier, naye ana mizabibu Bessards, lakini baadhi ya zabibu za huko huzitia katika chupa ya peke yake, Le Pavillon. Méal ina chupa yake, na kipande kingine, l'Ermite, kina yake. Kwake, kuchanganya ni kuvinyamazisha vipande. Moyo wangu uko kwa Chave, ingawa sina hoja ya kumshinda Chapoutier. Anayetaka kuamua mwenyewe anunue chupa za wote wawili za mwaka mmoja, kama mfuko unaruhusu, azilaze ghalani, na aziache kwa miaka kumi na tano.