Shavu Limefura Ghafla? Sio Kila Saa Ni Jino

Umeamka, ukacheki kioo, shavu moja limefura ni kama umeficha andazi ndani. Wasee wengi hukimbilia dawa ya jino, kumbe shida iko kwa tezi za mate.

Uko na tezi kubwa jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Zikiwa poa, hutoa nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku.

Kitu watu wengi hawajui ni kwamba mate huweza kutengeneza mawe. Eeh, mawe! Kalsiamu huganda kwa mfereji wa mate, sanasana ule wa tezi ya chini ya taya. Kuishika ni rahisi: unaanza kudishi, chapo haijafika nusu, taya inafura na kuuma, halafu baada ya saa moja ama mbili inashuka. Chakula kinaita mate na njia imefungwa. Kukosa kunywa maji huchangia, na nyinyi wa kutafuna miraa na muguka usiku kucha mnajua vile mdomo hukauka. Maji mengi, kunyonya ndimu na kukanda tezi polepole kunaweza kusukuma kijiwe kidogo kitoke. Kikikwama, daktari atakitoa.

Mate yakituama, bakteria wanahamia. Hapo utapata homa na ladha chafu ya usaha mdomoni. Hiyo inataka antibayotiki za daktari, si zile zilibaki kwa beste yako.

Halafu kuna matubwitubwi, ambayo ni virusi. Sindano ya kawaida ya kliniki hapa Kenya hukinga surua na rubela, matubwitubwi haimo, so usishangae mtu mzima akishikwa. Kaa kwa keja siku 5 tangu ufure, usiambukize mbogi. Na maboyz, makende yakianza kufura pia, enda hosi. Kuwa tasa ni nadra, usiingize baridi.

Kufura pande zote bila uchungu ni stori ingine: keroro ya miaka mingi, kisukari, kujitapisha ndio ukonde, ama HIV isiyotibiwa. Kupima HIV hospitali za serikali ni bure.

Ile ya kuogopa ni donge moja gumu, haliumi, linakua pole pole. Mengi si kansa, lakini likianza kulegeza upande mmoja wa uso, ona daktari wiki hii, usingoje end month.